Toni inayoyumba katika filamu za familia za viungani: kisa cha Suburbicon

Filamu inapohusu familia inayoishi kiungani mwa mji wa Marekani, kuna lawama moja ambayo wahakiki na watazamaji huirudia mara kwa mara, nayo ni kwamba toni yake haikutulia. Lawama hiyo husemwa kwa haraka, kana kwamba kila mtu anajua maana yake, na mara nyingi huishia hapo hapo. Hata hivyo anayeisema anaweza kuwa anamaanisha mambo yaliyo mbali mbali kabisa. Pengine alicheka mahali ambapo filamu ilitaka anyamaze. Pengine aliombwa amhurumie mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akifanyiwa mzaha. Pengine aliona visa viwili vikienda sambamba hadi mwisho bila kukutana. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha mambo hayo, na yatakaa zaidi na filamu ya Suburbicon ya mwaka 2017, iliyoongozwa na George Clooney, kwa sababu humo kasoro hii ipo waziwazi na chanzo chake kinaweza kufuatiliwa hadi kwenye mswada.

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba toni ni hisia au msimamo wa mwandishi kuhusu jambo analolisimulia. Katika riwaya msimamo huo hubebwa na sauti moja, ile ya msimulizi. Filamu haina sauti moja ya namna hiyo. Msimamo wake hutokana na umbali wa kamera na uso wa mtu, muda ambao picha inaachwa kabla ya kukatwa, muziki unaoingia au unaozuiwa, rangi za kuta na mavazi, na namna waigizaji wanavyokubaliana, au wanavyoshindwa kukubaliana, kuhusu aina ya ulimwengu wanaoishi ndani yake. Vitu hivyo vyote kwa pamoja humpa mtazamaji mizani: humwambia kifo kina uzito gani katika hadithi hii, uzinzi una uzito gani, tusi la mezani lina uzito gani. Katika vichekesho vinavyofanya mzaha na mauaji, maiti ni nyepesi na kila mtu ukumbini anajua hivyo. Katika tanzia, sahani inayovunjika inaweza kuwa nzito kuliko maiti. Kwa hiyo filamu inayochanganya kicheko na kilio haijakosa lolote kwa kuvichanganya. Maisha ya familia ndivyo yalivyo. Kosa hutokea pale mizani inapobadilishwa katikati ya safari bila mtazamaji kuandaliwa, au pale mizani mbili zinapotumiwa kwa wakati mmoja kwa watu wa mtaa mmoja.

Filamu za viungani hukumbwa na tatizo hili kuliko aina nyingine nyingi za filamu, na sababu yake ni ya kihistoria. Viunga tunavyoviona ndani ya filamu hizo vilitapakaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani iliwafungulia wengi mikopo ya nyumba. Kampuni ya Levitt ilianza kujenga mji wa Levittown huko Long Island, New York, mwaka 1947, kwa kuugawa ujenzi katika hatua ndogo ndogo zilizofanywa na vikundi vya mafundi waliohama kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, kila kikundi na kazi yake ile ile. Levittown nyingine, ya Pennsylvania, ilianza mwaka 1952 na kufikia nyumba zaidi ya 17,000. Nyumba hizo hazikuuzwa kwa watu Weusi. Huo ulikuwa utaratibu wa kampuni na haukufichwa. Katika miaka hiyo hiyo televisheni iliingia sebuleni na vipindi kama Father Knows Best, kilichoanza mwaka 1954, na Leave It to Beaver, kilichoanza mwaka 1957, ambavyo viliwaonyesha Wamarekani familia ya kiungani iliyo safi, yenye baba mwenye hekima na matatizo yanayomalizika kabla ya kipindi kwisha.

Tangu hapo kila anayetengeneza filamu kuhusu familia ya namna hiyo hukuta njia mbili zilizokwisha kutengenezwa. Ya kwanza ni ya melodrama, ambayo huchukulia maumivu ya nyumbani kwa uzito wote na kumwamini mwanamke anayelia jikoni. Ya pili ni ya tashtiti, yaani kejeli inayoukosoa unafiki wa jamii, ambayo huliangalia zaidi jiko lenyewe: vyombo vyake vipya, rangi zake tamu, na uongo unaofichwa na usafi wake. Melodrama huwahitaji wahusika kuwa watu; tashtiti huweza kuridhika na wahusika walio mifano ya tabia. Njia hizi mbili zinaweza kuunganishwa, lakini muunganiko huo unahitaji mkono uliotulia, na waongozaji wengi hudhani kwamba kuziweka zote mbili ndani ya filamu moja kunatosha.

Mwongozaji Douglas Sirk aliliweza jambo hilo mapema katika All That Heaven Allows ya mwaka 1955. Mjane aliyemwacha mpenzi wake kwa sababu ya maneno ya watu wa mji na ya watoto wake mwenyewe anapokea zawadi ya Krismasi kutoka kwa watoto hao: televisheni, ili asiwe mpweke. Muuzaji anakisifia chombo hicho kwa maneno matamu ya biashara, na kamera inasogea hadi tunaona uso wa mwanamke huyo umeakisiwa ndani ya kioo kitupu. Maneno ya muuzaji ni tashtiti tupu na uso ni melodrama tupu, lakini vyote viwili vinampima mwanamke yule yule kwa mizani ile ile. Hatuombwi kumcheka. Kejeli inawaangukia wanaodhani kwamba upweke wake unaweza kuondolewa dukani, na kwa sababu hiyo inauongeza uzito wa huzuni yake.

Ordinary People, filamu ya kwanza ya Robert Redford kama mwongozaji, iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1980, inaonyesha kwamba hata uchaguzi wa mwigizaji ni kazi ya toni. Mama wa familia, Beth, aliigizwa na Mary Tyler Moore, ambaye Wamarekani walikuwa wamemzoea kwa miaka mingi kama uso wa uchangamfu katika vichekesho vya televisheni. Tabasamu lile lile walilolipenda linageuka kuwa mlango uliofungwa mbele ya mtoto wake aliye hai, Conrad, baada ya kaka yake kufa maji. Kuna onyesho moja ambalo kila anayejifunza uongozaji angefaa kulitazama kwa makini. Ndugu wamekusanyika kupiga picha za familia. Baba anamtaka mkewe asimame na mwana wao ili awapige picha wawili hao peke yao. Mama, huku akiendelea kutabasamu, anamwomba mumewe ampe kamera yeye, kisha anaomba tena, na tena. Mwanzoni kuna jambo la kuchekesha ndani yake, kwa sababu kila familia ina mtu asiyetaka kupigwa picha. Kisha tunatambua, pamoja na kijana huyo, kwamba asichokitaka mama ni kuonekana peke yake na mwanawe. Conrad anapopaza sauti kwamba apewe hiyo kamera, kicheko kimekwisha kugeuka jeraha, na hakuna muziki ulioingia kututangazia. Toni imebadilika bila mizani kubadilika, kwa kuwa tangu mwanzo filamu ilishatuzoesha kwamba humu ndani mambo madogo ya mezani ndiyo mazito. Asubuhi ya kwanza tu, mama anakimwaga chakula cha Conrad kwenye sinki mara kijana huyo anaposema hana njaa.

Inafaa pia kueleza kwamba toni inaweza kuamuliwa baada ya kamera kuzimwa. Mswada wa Alan Ball wa American Beauty, filamu ya Sam Mendes ya mwaka 1999, ulianza na kuisha kwa kesi mahakamani, ambamo binti wa baba aliyeuawa, ambaye ndiye msimulizi wa filamu, anahukumiwa pamoja na mpenzi wake kwa mauaji wasiyoyafanya. Sehemu hizo zilipigwa picha, kisha Mendes akaziondoa wakati wa uhariri. Matokeo yake ni makubwa kuliko dakika zilizopotea. Pamoja na kesi, hadithi ingekuwa chungu, na kila neno zuri la msimulizi aliyekufa lingesikika kama kejeli juu ya vijana wawili walioko gerezani. Bila kesi, msimulizi huyo, ambaye tangu mwanzo anatuambia kwamba katika muda usiofika mwaka mmoja atakuwa amekufa, anapata ruhusa ya kuzungumza kwa upole. Filamu ilishinda Oscar 5, ikiwemo ya filamu bora. Hata hivyo kwa maoni yangu haikuponyoka kabisa. Mke wa nyumba hiyo, Carolyn, amechorwa kwa sehemu kubwa kama kikaragosi cha mwuza nyumba mwenye tamaa, na anapokumbatia nguo za mumewe kabatini akilia, filamu inamdai mtazamaji huruma ambayo haikuwekeza mapema. Mhusika huyo amepimwa kwa tashtiti karibu saa mbili, kisha kwa melodrama dakika moja.

Suburbicon ilianza kama mswada wa ndugu wawili watengenezaji filamu, Joel na Ethan Coen, ulioandikwa katika miaka ya 1980 na kukaa bila kutengenezwa. Kwa msingi wake ni hadithi ya uhalifu wa watu wadogo wasioweza kuumudu, aina ambayo ndugu hao wanaijua vizuri: Gardner Lodge, mfanyakazi wa ofisini mwenye miwani na shati jeupe, anapanga na shemeji yake, Margaret, kumwua mkewe ili walipwe fedha za bima, na kila hatua ya kuficha inazaa maiti nyingine. Julianne Moore anaigiza mapacha wawili, mke na shemeji. Matt Damon ni Gardner. Oscar Isaac ni mpelelezi wa bima anayeunusa uongo mara moja. Katika mizani ya hadithi hiyo, kifo ni chepesi. Mpelelezi anakunywa kahawa yenye sumu, anatoka nje akiyumba, na anamaliziwa kwa chuma cha kuchochea moto. Baadaye Gardner anarudi nyumbani usiku akiendesha baiskeli ndogo ya mwanawe, mwili mzima wa mtu mzima umejikunja juu yake, na damu imemtapakaa. Picha hiyo inachekesha na ilikusudiwa kuchekesha. Ndani ya filamu ambayo yote ingekuwa hivyo, ingekuwa picha nzuri sana.

Lakini Clooney na mwandishi mwenzake, Grant Heslov, waliongeza kisa cha pili, na kisa hicho kilikuwa na watu halisi nyuma yake. Mwezi Agosti 1957, William na Daisy Myers, mke na mume Weusi wenye watoto, walihamia katika nyumba waliyoinunua Levittown, Pennsylvania. Umati ulikusanyika nje ya nyumba yao usiku baada ya usiku. Mawe yalirushwa madirishani. Msalaba ulichomwa moto. Watu waliitumia nyumba tupu iliyokuwa jirani kuwapigia kelele na muziki ili wasilale. Gavana George Leader alilazimika kupeleka polisi wa jimbo, na baadaye mahakama ikawazuia waliokuwa wakiwasumbua. Familia ya Myers haikukimbia. Katika filamu wanaitwa Mayers, mwaka umekuwa 1959, na nyumba yao inapakana kwa nyuma na nyumba ya Gardner. Wazo lililo nyuma ya muunganiko huo ni la haki kabisa: mtaa mzima unaitazama familia isiyo na kosa na kuipigia kelele kwamba ndiyo hatari, wakati mwuaji mwenye ngozi nyeupe anaishi nyuma ya uzio bila mtu yeyote kumshuku.

Kama wazo, linaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kejeli inayojitosheleza ndani ya sentensi moja haiwezi kubeba nusu ya filamu isipokuwa watu waliomo ndani yake wapewe maisha. Familia ya Mayers haikupewa. Mama anaanika nguo, anakwenda dukani na kupandishiwa bei ili aondoke, anarudi nyumbani amenyamaza. Baba karibu hatumsikii. Mtoto wao, Andy, ndiye pekee anayepata urafiki, na urafiki huo umewekwa kwa ajili ya mtoto wa Gardner. Hatujui wanazungumza nini usiku wakati nje kunapigwa kelele. Hatujui kwa nini waliamua kubaki. Uvumilivu wao umepigwa picha kwa heshima, lakini heshima isiyo na udadisi huwageuza watu kuwa sanamu, na sanamu haiwezi kushiriki katika tamthilia ya familia.

Tunapata basi mizani mbili katika mtaa mmoja. Uwani kwa Gardner, damu ni ya kuchekesha. Uwani kwa Mayers, jiwe moja la dirishani ni zito, na ni lazima liwe zito, kwa sababu jiwe hilo lilirushwa kweli. Mhariri anapokata kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, mtazamaji anatakiwa abadilishe hisia zake kila mara, na hapati daraja la kupitia. Baada ya muda anaanza kujilinda: anaacha kucheka upande mmoja kwa kuogopa kuwakosea heshima walio upande wa pili, na anaacha kuumia upande wa pili kwa sababu anajua kwamba punde atarudishwa kwenye mzaha. Onyesho la baiskeli linapata hasara kubwa zaidi. Gardner anapiga pedeli kuelekea nyumbani wakati ghasia za ubaguzi zimefikia kilele mtaani mwake, na katika fremu hizo ghasia zinageuka kuwa mandhari ya nyuma ya kichekesho chake, zikimpa nafasi ya kupita bila kuonekana. Kihesabu, hicho ndicho kilele cha wazo la filamu. Kihisia, ni pale ambapo mateso ya familia halisi yanatumiwa kama chombo cha kuuendesha mpango wa hadithi ya mtu mwingine, na mtazamaji mwenye akili timamu anahisi jambo hilo hata kabla hajalipatia maneno.

Waliotazama walijibu kwa ukali. Watazamaji wa siku za mwanzo nchini Marekani, katika kura ya CinemaScore, ambayo huwauliza watazamaji maoni yao wanapotoka ukumbini na kutoa alama kuanzia A+ hadi F, waliipa alama ya D-, ambayo filamu ya studio kubwa yenye nyota kama hao huipata kwa nadra, na filamu iliyogharimu takriban dola milioni 25 ilikusanya karibu nusu tu ya kiasi hicho duniani kote. Matangazo yake nayo yalichangia, kwa kuwa yaliuza zaidi upande wa Gardner na vituko vyake, na watu wakaingia ukumbini na mizani moja mkononi. Lakini nisingependa lawama zote zitupwe kwa watangazaji. Waliuza upande ambao ulikuwa na wahusika.

Mtu anaweza kudai kwamba mchanganyiko mkali kiasi hicho hauwezi kufanikiwa kamwe. The Ice Storm ya Ang Lee, ya mwaka 1997, inajibu hoja hiyo. Inasimulia familia mbili za New Canaan, Connecticut, wakati wa sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1973, na usiku wake mkuu una mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: karamu ambapo wanaume huweka funguo za magari ndani ya bakuli na kila mke huokota ufunguo wa mwanamume atakayeondoka naye, na kifo cha mtoto, Mikey, anayeuawa na umeme wa waya ulioanguka kwa sababu ya barafu. Karamu inachekesha kwa aibu yake. Kifo hakichekeshi hata kidogo. Hata hivyo filamu haipasuki, na sababu zake zinaonekana. Baridi ilikuwepo tangu picha ya kwanza, ndani ya treni iliyogandishwa relini, ambamo kijana mmoja anasoma kitabu cha katuni na kuwaza jinsi familia inavyoweza kumeza na kuharibu walio ndani yake. Kamera haikuwakaribia watu wazima katika karamu kwa namna ya kuwakejeli. Iliwatazama kwa umbali ule ule inaowatazama watoto wao wakitembea juu ya barafu. Na la muhimu zaidi, walio kwenye karamu ndio wazazi wa watoto hao. Upumbavu wa nyumba moja unaifikia nyumba nyingine kwa njia ambayo hadithi imeijenga, kwa hiyo baba anapoangua kilio garini mwishoni, kilio hicho kinamrudia yeye mwenyewe aliyekuwa kichekesho saa chache kabla.

Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo, na mtazamaji anaweza kuitumia kila anapohisi kwamba filamu inamyumbisha. Aulize kama mtu anayechekwa na mtu anayeliliwa wanaishi chini ya sheria zile zile za matokeo: kama tendo la mmoja linaweza kumwumiza mwingine ndani ya hadithi, na kama kila mmoja wao ana jambo analolitaka na kulitafuta. Carolyn wa American Beauty ana tamaa zake, ingawa zimechorwa kwa wino mzito, na ndiyo maana kasoro yake ni ya kiwango tu. Familia ya Mayers haina jambo lolote inalolifanya linaloweza kubadilisha lililo uwani kwa Gardner, na hakuna anachokifanya Gardner ambacho wao wanakijua. Ukiwaondoa kabisa, kesi ya bima inaendelea vile vile hadi maiti ya mwisho. Kasoro ya aina hiyo haiwezi kuponywa kwa muziki wa Alexandre Desplat, ingawa muziki wake una ustadi, wala kwa uhariri kama ule uliomsaidia Mendes, kwa kuwa Mendes alikuwa na cha kuondoa na Clooney alihitaji cha kuongeza: maonyesho ambayo hayakuandikwa, ya mke na mume wakiamua jambo ndani ya nyumba ambayo mtaa mzima ulitaka waiache.

Daisy Myers mwenyewe aliishi kuyaandika mambo hayo. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 2005. Humo kuna ndoa, watoto wa kulisha, hofu ya usiku, majirani Wazungu waliosimama pamoja nao na kutishwa kwa sababu hiyo, na mazungumzo ya kila siku ya watu wanaopima kama nyumba inastahili gharama hiyo. Yote hayo ni malighafi ya tamthilia ya familia ya kiungani kwa maana kamili ya aina hiyo, na ingewezekana kuwepo kicheko ndani yake pia, kwa kuwa hakuna nyumba inayostahimili majaribu ya namna hiyo bila kucheka. Kicheko hicho kingekuwa cha wenye nyumba wenyewe.